Tairi Limeumia: Kuliziba, Kuliacha au Kununua Jingine

Kutoka Makangale kuja Konde, huku kwetu Pemba, barabara inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Magharibi ilikuwa imeshaingia, gari ina watu sita na mmoja wao mtoto mchanga, nikahisi usukani unanivuta kushoto. Nilijua ni pancha. Lakini msituni giza huwahi, na sikutaka kuwashusha watu pale. Nikaenda nalo mdogo mdogo mpaka Konde. Asubuhi fundi akalivua tairi kwenye rimu, akaliinamisha, ukamwagika unga mweusi, punje punje kama majani ya chai. Msumari wenyewe ulikuwa mdogo, umeingia katikati ya kashata, ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara, pahala panapozibika bila taabu.

"Sheikh," akaniambia, "msumari haukuliua tairi hili. Limekufa kwa kutembea bila upepo."

Ule unga ulikuwa ubavu wa tairi lenyewe, umesagika kwa ndani baina ya rimu na barabara. Kwa nje lilikuwa zima, linang'aa. Tangu siku ile sikati shauri juu ya tairi mpaka livuliwe nilione tumbo lake, na haya ninayoyaandika hapa yote yamejengwa juu ya jambo hilo. Nayaandika kwa wenye magari ya kawaida ya huku kwetu, Noah, IST, Escudo na Kirikuu za mizigo, kwa mpango wa mambo yanavyomkuta mtu: barabarani kwanza, halafu kwa fundi, halafu dukani.

Barabarani

Tairi likipasuka ghafla, mguu wako utataka kukimbilia breki. Uzuie. Shika usukani kwa mikono miwili, gari iende imenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, iache ipungue mwendo yenyewe, ndipo uiegeshe kushoto. Breki ya ghafla wakati tairi moja halina upepo ndiyo inayoigeuza gari.

Likitoka upepo polepole una nafasi ya kuchagua pa kusimama. Njia ya Chake Chake kwenda Mkoani ni milima na kona, na anayekuja nyuma hakuoni mpaka ameshafika. Vuka kona, vuka kilele, tafuta pahala tambarare na pagumu. Msimu wa karafuu tazama pia usipande jamvi la mtu pembezoni mwa barabara. Ile ni pesa ya mwaka mzima imeanikwa pale.

Kusogea mita mia moja kwa mwendo wa mtu anayetembea ili utoke kwenye kona, hiyo inafaa. Kilomita nzima haifai. Na pakiwa na hatari ya kweli kwa watu, ondoka hivyo hivyo, roho ni mbele ya mpira. Ila jua kwamba tairi umeshaliaga, na usimlaumu fundi akikwambia halizibiki.

Kubadilisha gurudumu kwenyewe si kazi ngumu. Watu huumia kwa kuruka hatua.

1. Vuta breki ya mkono, weka gia P, au namba moja kama gari ni ya gia za mkono. Washa taa za hatari. Watu wote washuke, wakae mbali na barabara, wasisimame nyuma ya gari. Pembetatu nyekundu iweke hatua kama hamsini nyuma. Kama huna, weka matawi kama tulivyozoea, lakini yaondoe ukimaliza.

2. Weka jiwe kwenye gurudumu la pembe ya mkabala. Likiumia la mbele kushoto, jiwe linakwenda nyuma kulia.

3. Legeza nati gari ikiwa bado chini, nusu duru tu kila moja. Ukisubiri mpaka gurudumu liko juu, litazunguka nawe na gari itayumba juu ya jeki. Nati ikigoma, elekeza mkono wa wilispana kushoto, uulalie kwa uzito wa mwili.

4. Jeki ina pahala pake: chini ya ukingo wa mlango kuna sehemu ngumu yenye vijikato viwili, jeki inakaa baina yake. Ukiiweka kwingine utabonyeza bati. Baada ya mvua za masika udongo wetu mwekundu unaimeza jeki huku unaitazama, basi weka ubao chini yake. Mimi natembea na kipande cha mbao ya mnazi, upana kama sahani, hakitoki kwenye buti. Gari ikishapanda, lisukume tairi la akiba chini ya uvungu karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari itaangukia tairi. Mwili wako usiingie chini hata kwa sekunde.

5. Vua lililoumia, vika la akiba, zungusha nati kwa vidole mpaka zikae. Upande wa nati uliochongoka unaelekea ndani, kwenye rimu. Zikaze kwa mfano wa nyota, si kwa kufuatana. Shusha gari, halafu zikaze kwa nguvu.

6. Ukishatembea kama kilomita 50, simama uzikaze tena. Hatua hii wengi hawaifanyi.

Kama tairi lako la akiba ni lile jembamba lenye herufi T mwanzo wa namba zake, hilo ni la kukufikisha kwa fundi tu. Linataka upepo mwingi, 420 kPa, yaani kama 60 kwa geji za psi, na halipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Nimewahi kuwaona watu wakizunguka nalo mwezi mzima. Gari hapo haishiki breki sawa, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu baina ya magurudumu, inateseka kwa kuwa gurudumu moja ni dogo kuliko mwenzake.

Kwa fundi: mwambie alivue

Fundi mwenye haraka atautafuta msumari, auchomoe kwa koleo, achome tundu kwa sindano, aingize kamba ya mpira yenye gundi, akate ncha, ajaze upepo. Dakika tano umemaliza. Sina ubaya na kamba hiyo kama uko njiani unataka kufika nyumbani. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyeona ndani. Mimi ningeondoka Konde asubuhi ile na kamba, ningekuwa nimepakia watu juu ya ubavu uliosagika.

Kwa hiyo mwambie kwa adabu: "Fundi, nivulie kwenye rimu nilitazame." Mlipe kazi ya kuvua hata kama tairi litaonekana halifai. Kisha lielekeze tumbo kwenye mwanga wa jua na utazame mambo haya. Kwanza ule unga mweusi, au mstari uliochubuka kuzunguka ubavu wote kwa ndani: tairi limetembea bila upepo, na hapo mazungumzo yamekwisha. Pili mikunjo, au rangi iliyogeuka kama kitu kilichoungua: nalo limekwisha. Tatu, nyuzi au waya uliojitokeza. Usipitishe kiganja kitupu, waya wa tairi unakata kama wembe. Tumia kitambaa, kikinasa pahala, tazama hapo. Nne, viraka vya zamani. Kiraka kipya kisilalie cha zamani.

Ndani kukiwa safi, rudi kwenye tundu. Linazibika likiwa kwenye kashata, upande wa katikati, na upana wake usizidi milimita 6. Penseli ya skuli ina upana wa kama milimita 7. Tundu linalopitisha penseli limeshavuka mpaka. Kwenye bega la tairi, pale kashata inapokunja kushuka ubavuni, halizibiki. Kwenye ubavu halizibiki kabisa.

Watu hugombana na mafundi juu ya ubavu, basi nieleze kwa nini. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma, pametulia, kiraka kinapata pa kushika. Ubavuni hakuna mikanda hiyo, kuna nyuzi tu, na kazi yake ni kukunjika na kukunjuka. Tairi la Noah likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, yaani mizunguko kama 500. Mara 500 kila dakika, pahala pale pale panakunjwa. Hakuna gundi wala uzi utakaovumilia hayo kutoka Wete mpaka Mkoani.

Kiraka kizuri ni kile chenye shina, umbo lake kama uyoga: shina linajaza tundu maji yasiingie kwenye waya, kofia inafunika kwa ndani. Kama hakuna, kamba ya kujaza tundu pamoja na kiraka juu yake kwa ndani. Tazama kazi inavyofanywa. Tundu linasafishwa kufuata njia ya msumari ulivyoingia, maana msumari mara nyingi huingia kwa mshazari. Ndani panakwanguliwa mpaka mpira uwe mkavu na mkwaruzo. Gundi inapakwa nyembamba, halafu inasubiriwa. Hapo kwenye kusubiri ndipo viraka vingi vinapoharibika: gundi ikibandikwa mbichi, kiraka kinashika leo na kuvuja wiki ijayo. Ikishakauka kiasi cha kunata kwenye kidole bila kubaki kidoleni, kiraka kinawekwa na kukandamizwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwisho tairi linajazwa na kutiwa ndani ya maji. Mapovu yakitoka, rudieni.

Kuna kazi tatu ambazo nazikataa, hata fundi awe rafiki yangu.

Kushona ubavu kwa uzi wa nailoni. Nimeeleza sababu.

Kuchonga kashata kwenye tairi kipara. Mafundi wa namna hii wana mkono mzuri, mistari inatoka imenyooka kama ya kiwandani, na mnunuzi anadhani amepata tairi lenye maisha. Kilichokatwa ni ule mpira mchache uliobaki juu ya waya. Tairi la gari ndogo halikutengenezwa kuchongwa.

Na kutia tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ili kuficha tundu kubwa. Tyubu inasuguana na tumbo la tairi, inapata joto, na ikitoboka inatoa upepo wote mara moja, wakati tairi la kawaida lenye msumari hutoa polepole na kukupa muda. Kama huna njia nyingine kabisa ya kutoka ulipo, sawa, kwa mwendo mdogo na siku hiyo tu.

Upepo unaopungua bila msumari

Huku visiwani hii ni sura ya peke yake. Unajaza Ijumaa, Jumatatu tairi limelala, fundi anazungusha hapati kitu. Changanya sabuni ya unga na maji, paka valvu kwanza. Povu likikua kwenye kinywa cha valvu, pini ya ndani imelegea au imechoka, inabadilishwa kwa pesa ndogo. Likikua kwenye shina, valvu yote inabadilishwa.

Halafu paka ukingo ambapo tairi linakutana na rimu, kuzunguka wote. Mara nyingi ndipo palipo na tatizo. Hewa yetu ina chumvi, na magari yanayopelekwa ufukweni kupakia samaki au mwani yanakanyaga maji ya bahari. Chumvi inakula rimu ya chuma kwa kutu, na rimu ya alumini inaota unga mweupe na vipele, na tairi haliwezi tena kuubana ukingo. Kuziba hapo ni kazi bure. Tairi linavuliwa, ukingo unasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka uwe laini, unafutwa, tairi linarudishwa. Ukitoka ufukweni mwagia magurudumu maji baridi ya kisima, ndani na nje, siku hiyo hiyo.

Tairi ambalo halijatoboka lakini limekwisha

Nundu kwenye ubavu ni rahisi kuiona na rahisi kuipuuza. Inatokea baada ya kupiga shimo au ukingo wa saruji: nyuzi za ndani zimekatika, upepo unasukuma mpira peke yake. Halina dawa. Lisiende safari hata kama nundu ni ndogo kama ukwaju. Gari ukishaipiga shimo kwa nguvu, tazama na ubavu wa ndani unaoelekea chini ya gari; nundu hupenda kujificha huko. Kwenye ardhi ya mawe upande wa Micheweni, jiwe kali la pembeni linachana ubavu unapopisha gari nyingine. Mkato usiofika kwenye nyuzi unaweza kuishi nao. Ukiona nyuzi, basi.

Kashata ina kipimo chake ndani. Pitisha ukucha kwenye mfereji mkuu, utakuta vijiti vya mpira vimelala chini, vyenye kimo cha milimita 1.6. Kwenye bega kuna herufi TWI au pembetatu ndogo inayoonesha vilipo. Kashata ikishuka mpaka usawa wa vijiti, tairi ni kipara. Tairi jipya la gari ndogo huanza na kama milimita 8. Mimi sisubiri 1.6. Masika ikikaribia na zimebaki 3, nabadilisha, kwa sababu kwenye mteremko wenye maji, kazi ya mifereji ile ni kutoa maji chini ya tairi, na mifereji mifupi haiwezi.

Namna kashata ilivyoliwa inakwambia gari yako ina maradhi gani. Imeliwa kingo mbili na katikati ni nzima: unatembea na upepo mdogo. Katikati tu: upepo umezidi. Ukingo mmoja: magurudumu hayakupangwa sawa, na tairi jipya utakaloweka litaliwa vivyo hivyo, basi rekebisha kabla hujanunua. Imeliwa vishimo vishimo: shokapu zimekufa au magurudumu hayana balansi.

Na umri. Mpira unazeeka hata gari ikilala bandani. Nyufa nyembamba baina ya kashata na ubavuni ni uzee. Watengenezaji wengi wanataka tairi litazamwe kila mwaka likishafika miaka 5, na lisivuke 10 hata likionekana zuri. Kwa jua letu na gari zinazolala nje, mimi nikishafika 6 naanza kutafuta pesa.

Kusoma ubavu kabla ya kufungua pochi

Chukua namba ya Noah ya kawaida: 195/65R15 91S. Upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji, karibu matairi yote ya magari madogo ni hiyo. Rimu ni inchi 15. Namba 91 ni uzito: kila tairi linabeba kilo 615. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, herufi ambayo haitakusumbua barabara zetu.

Usihame kwenye namba hizi kwa sababu duka limeishiwa. Muuzaji atakwambia, "Chukua 205/65R15, ni kubwa kidogo, ndiyo nzuri." Linaingia kwenye rimu, kweli. Lakini tairi zima linakuwa refu kwa kama asilimia 2, spidomita inasema 80 wakati unakwenda karibu 82, na gari ikipakiwa, tairi linaweza kusugua bati ukikata kona. Kwenye namba ya uzito kupanda si kosa, kushuka ni kosa. 88 ni kilo 560, 84 ni kilo 500. Mwenye Kirikuu au Hiace anayebeba magunia asinunue tairi la gari ya abiria hata kama vipimo vinalingana. Atafute lenye herufi C au LT, au maandishi kama 6PR na 8PR, ambalo ubavu wake umetengenezwa kwa mzigo.

Tarehe iko mwisho wa mstari unaoanza na DOT, tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu, basi ligeuze. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo.

Mapya au mtumba

Nitasema wazi: mwenye uwezo anunue mapya, hata ya kampuni asiyoizoea, mradi namba ni sawa na tarehe ni ya karibuni. Lakini najua hali za watu, na matairi ya mtumba kutoka Japani yamewafikisha wengi. Hesabu yake usiifanye kwa bei tu. Jipya lina milimita 8 na unaliacha kwenye 3, umepata 5 za kutumia. Mtumba lenye 5 linakupa 2 tu. Kama bei yake imezidi asilimia 40 ya bei ya jipya, umenunua ghali.

Mtumba lichunguze namna ile ile: tumbo kwanza. Dukani liko nje ya rimu, huna sababu ya kutolitazama. Kitambaa ndani, nundu nje, kashata ilivyoliwa, tarehe, viraka. Bana kashata kwa vidole gumba, nyufa zitajionesha. Tazama pia midomo, ule ukingo wenye waya unaokaa kwenye rimu; mtarimbo wa mtu mwenye haraka huwa umeuchana.

Jambo moja liwe la kuandikwa ukutani kwa kila mnunuzi wa huku: matairi ya theluji. Japani kuna sehemu zenye baridi kali, na magari na matairi ya huko yanatufikia. Tairi la theluji linavutia macho, kashata ndefu, imejaa vipasuo vyembamba kama iliyochanwa kwa wembe. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya Pemba saa saba mchana unayeyuka kama sabuni, gari inaogelea kwenye kona, na breki inachukua masafa marefu zaidi. Yatambue kwa neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima yenye chembe ya theluji ndani, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Ni matairi mazuri kwao. Gari yako ikifika nayo kutoka bandarini, weka bajeti ya kuyatoa.

Ukiagiza kutoka Unguja

Mara nyingi saizi unayoitaka haipo Chake wala Wete, na inabidi ije na boti. Kurudisha tairi lisilofaa ni nauli mara mbili na siku zako kupotea, kwa hiyo kazi yote ifanye kabla halijapakiwa. Usimtumie muuzaji jina la gari. Mpigie picha ubavu wa tairi lako, na picha ya kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho kina saizi ya asili. Huenda aliyekuwa na gari kabla yako alishaibadilisha. Kisha mwambie akutumie picha tatu za tairi lile lile litakalosafiri: namba ya saizi, tarakimu nne za DOT, na tumbo lake kama ni mtumba. Muuzaji anayekasirika kwa kuombwa picha, tafuta mwengine.

Kuyafunga

Valvu mpya kwa kila tairi jipya. Usibane pesa hapo.

Nunua mawili mawili kwa mhimili mmoja, na yawe ya aina moja. Mawili mapya yafungwe nyuma, hata kama gari inavutwa na magurudumu ya mbele. Wengi hubisha, kwa kuwa usukani uko mbele. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji unahisi mkononi na ukipunguza mwendo gari inarudi. Nyuma ikiteleza, gari inageuka kabla hujajua. Kwa gari inayovuta magurudumu manne muda wote, yote manne yawe karibu sawa kwa kashata, la sivyo difu na gia zinafanya kazi ya kupingana kila siku.

Tazama mshale wa mzunguko ubavuni kama upo, na neno OUTSIDE linaelekea nje. Yafanyiwe balansi. Kama ya zamani yaliliwa ukingo mmoja, gari ipite kwenye mashine ya kupanga magurudumu wiki hiyo hiyo.

Upepo ujazwe kwa kibandiko kile cha mlango, si kwa mazoea ya fundi ya "35 yote". Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha mwisho, si cha kutumia. Kibandiko cha Kijapani kinakusumbua kwa kuwa kimeandikwa kPa. Igawe kwa 7 utapata psi ya kukaribia. 230 ni kama 33. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, maana tairi likitembea linapata joto na kipimo kinapanda. Ukitoa upepo wakati huo, kesho litakuwa na njaa. Nunua geji yako ndogo. Ile ya kwenye kompresa ya barabarani imeshaanguka chini mara nyingi.

Siku ukiweka matairi mapya, fungua na buti upime la akiba. Langu lilikuwa na upepo ule usiku wa Ngezi, lilikuwa na 32, na jeki ilikuwepo. Kilichokosekana ni mimi kusimama.

Yale ya zamani usiyaache uani yakiwa mazima. Maji ya mvua yanakaa ndani kwa wiki, na mbu anayeeneza homa ya dengue anapenda maji ya namna hiyo hasa. Kama hakuna anayelitaka kwa kukatia viatu au kufunga ubavuni mwa mashua, litoboe matundu manne upande wa chini kabla hujaliweka nje.